Nani Alipiga Besi Ile? Namna ya Kuwachunguza Wapigaji Wasiotajwa Katika Santuri

Anayeichukua santuri ya mwaka 1966 ya Motown, kampuni ya muziki ya Detroit nchini Marekani, na kuisoma lebo yake atakuta jina la wimbo, jina la kundi lililoimba, majina ya watunzi na, mara nyingi, jina la mtayarishaji. Hatakuta popote jina la mtu aliyelikung'uta gitaa la besi, ingawa huenda besi hiyo ndiyo inayomfanya atikise kichwa hadi leo. Motown haikuwa peke yake katika jambo hili. Nyimbo nyingi zilizovuma Marekani na Uingereza katika muongo huo zilipigwa na watu wa kukodiwa, ambao waliingia studio, wakapiga walichoelekezwa au walichokibuni papo hapo, wakalipwa ujira wao na kuondoka, huku majina yao yakibaki katika makaratasi ya ofisi badala ya kwenye jalada.

Ukimya huo umezaa mabishano yasiyokwisha, na mabishano hayo ndiyo yanayomkabili mwandishi wa makala za muziki, mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa, na hata mtoto wa mwanamuziki marehemu anayetaka kujua baba yake alipiga katika nyimbo zipi. Mwongozo huu unawahusu hao. Kanuni ninayoifuata ni moja: karatasi iliyoandikwa siku ile ile kwa sababu ya kumlipa mtu ina uzito kuliko kumbukumbu nzuri ya miaka 30 baadaye, na kumbukumbu hiyo nayo ina uzito kuliko simulizi ya mtu ambaye hakuwepo studio. Makosa mengi niliyoyaona, yakiwemo yangu mwenyewe, yalitokana na kuupindua mpangilio huo.

Anza kwa kutenganisha maswali

Mtu akisema kwamba fulani "alidhulumiwa wimbo wake", usikubali wala usikatae kabla hujajua anazungumzia nini. Kuna swali la nani alitunga, kuna swali la nani alipiga au kuimba katika rekodi fulani, na kuna swali la jina la nani liliandikwa na fedha zikaenda kwa nani. Maswali haya yana majibu tofauti, yana ushahidi tofauti, na sheria nazo huyatenga: Kenya, kwa mfano, imekuwa na chama cha MCSK kwa ajili ya watunzi na wachapishaji, na chama cha PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki kwa sababu haki ya mtunzi ni kitu kimoja, na haki ya aliyeimba au kupiga ni kitu kingine kinachosimama kando yake.

Ugumu unakuja pale mpigaji anapokuwa mtunzi bila mtu yeyote kumwita hivyo. Mwezi Januari 1973 mwimbaji Clare Torry aliitwa studio za Abbey Road jijini London kuweka sauti katika wimbo wa Pink Floyd uitwao The Great Gig in the Sky. Hakupewa maneno wala sauti ya kufuata. Aliombwa aimbe kwa hisia juu ya piano, akaimba bila maneno, akalipwa pauni 30, na akaenda zake. Kwenye jalada alitajwa kama mwimbaji, kwa hiyo hakuwa mtu asiyetajwa, lakini utunzi ulibaki kwa mpapasa kinanda wa kundi, Richard Wright. Mwaka 2004 alifungua kesi akidai kwamba sauti aliyoiimba ilikuwa utunzi, mwaka 2005 pande hizo mbili zikaafikiana nje ya mahakama, na tangu hapo matoleo ya albamu hiyo yanamtaja kuwa mtunzi wa sehemu ya sauti. Mtafiti ambaye angeuliza tu "nani aliimba?" angepata jibu sahihi na bado akakosa kiini cha ugomvi.

Kesi ya Matthew Fisher inafundisha zaidi, kwa kuwa ilifika hadi mwisho. Fisher ndiye aliyepapasa kinanda cha ogani katika A Whiter Shade of Pale, wimbo wa Procol Harum wa mwaka 1967, ambao watu wengi wanaukumbuka kwa ogani hiyo kabla ya kukumbuka neno lake hata moja. Alifungua kesi mwaka 2005, yaani miaka 38 baadaye. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimtambua kuwa mtunzi mwenza na kumpa asilimia 40 ya haki ya muziki wa wimbo huo. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikauacha utunzi mwenza usimame lakini ikamnyima mrabaha, yaani malipo ya matumizi ya wimbo, kwa sababu ya kuchelewa kwake. Na mwezi Julai 2009 baraza la juu la mahakama, ambalo wakati huo lilikuwa bado ndani ya bunge la Malodi, likamrudishia haki ya kulipwa, ingawa si kwa miaka iliyopita kabla ya kudai. Hukumu za namna hii zina faida kubwa kwa mtafiti, kwa sababu mashahidi walihojiwa kwa kiapo na jaji akaandika kwa nini alimwamini huyu na si yule. Ikiwa wimbo unaouchunguza uliwahi kufika mahakamani, soma hukumu yenyewe kabla ya kusoma makala yoyote inayoihusu.

Tafuta sababu ya ukimya

Jina halikosekani bila sababu, na sababu ikijulikana utajua mahali pa kulitafuta. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kihasibu: mtunzi alilipwa mrabaha, kwa hiyo ilibidi jina lake liandikwe ili fedha zimfikie, mpigaji alikwisha kulipwa ujira wake wa kikao cha kurekodi, na kampuni haikuona faida ya kumchapisha. Hata leo redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi bila kumlipa aliyepiga, na katika mrabaha unaokusanywa nchini humo kwa redio za intaneti, wapigaji na waitikiaji wasio wahusika wakuu wametengewa kwa pamoja asilimia 5 tu, ambayo haiwezi kumfikia mtu asiyeorodheshwa popote.

Sababu ya pili ilikuwa taswira. Wimbo Mr. Tambourine Man uliolipaisha kundi la The Byrds mwaka 1965 ulipigwa na Roger McGuinn peke yake kutoka katika kundi hilo, akiwa na gitaa lake la nyuzi 12. Dramu zilikuwa za Hal Blaine, besi ya Larry Knechtel, na wengine wawili wa kukodiwa walikuwepo. Kampuni ilikuwa inawauzia vijana picha ya marafiki watano, na picha hiyo isingependeza kama nyuma ya jalada yangeandikwa majina ya watu wazima waliotoka kurekodi tangazo la biashara asubuhi hiyo.

Sababu ya tatu husahauliwa, nayo ni kwamba wakati mwingine mpigaji mwenyewe ndiye aliyetaka asijulikane. Wapigaji wa Motown mjini Detroit, ambao baadaye walijulikana kama Funk Brothers, hawakuruhusiwa kupigia kampuni nyingine, lakini ujira ulikuwa mdogo na familia zilitaka kula. Wakatoroka. Higher and Higher ya Jackie Wilson, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1967 na kutolewa na kampuni nyingine kabisa, ina besi ya James Jamerson na wenzake kadhaa wa Detroit waliokwenda huko kimyakimya. Mtafiti anayetafuta majina yao katika kumbukumbu za mwajiri wao hatayapata, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa mwisho walipotaka yaonekane.

Kwetu Afrika Mashariki ukimya ulikuwa na sura nyingine. Santuri na kanda za redio ziliandikwa jina la bendi, na bendi ilikuwa kama mto ambao maji yake hubadilika: mcharaza solo wa mwaka huu alikuwa wa bendi jirani mwaka uliopita, na Les Wanyika yenyewe ilizaliwa mwaka 1978 kwa wapigaji kujitoa Simba Wanyika. Orodha ya wanabendi wa mwaka fulani, hata ikiwa sahihi, si orodha ya waliokuwepo studio siku fulani.

Kusanya karatasi, na ujue kila karatasi inasema nini

Kwa rekodi za Marekani, karatasi yenye thamani kubwa ni ripoti ya kikao iliyopelekwa katika chama cha wafanyakazi cha wanamuziki. Inataja tarehe, studio, saa, majina ya wapigaji na malipo ya kila mmoja, na kiongozi wa kikao hutambulika kwa sababu alilipwa maradufu. Kikao cha kawaida kilikuwa cha saa tatu. Karatasi hii iliandikwa na mtu ambaye hakuwa na habari kwamba miaka 50 baadaye kutakuwa na ubishi, na hiyo ndiyo nguvu yake: haikuandikwa ili kumpa mtu sifa.

Hata hivyo inadanganya kwa njia zake. Jina la wimbo huenda lilikuwa la muda, likabadilika kabla ya santuri kutoka. Mtu anaweza kuwa alilipwa kwa kikao ambacho kazi yake ilitupwa na sehemu hiyo ikarekodiwa upya wiki iliyofuata na mwingine. Mwingine aliongeza tari au gitaa juu ya kanda iliyokwisha kurekodiwa, katika kikao chenye ripoti yake tofauti. Na kazi nyingi hazikuandikiwa ripoti kabisa: katika miaka ya mwanzo ya Motown, ndani ya studio ile ndogo katika nyumba namba 2648 ya West Grand Boulevard, wapigaji walilipwa dola chache kwa wimbo bila chama kuhusishwa. Kwa hiyo kutokuwepo kwa jina katika ripoti hakuthibitishi kutokuwepo kwa mtu.

Baada ya ripoti hizo, tafuta daftari la studio, maandishi yaliyo juu ya kasha la kanda halisi, stakabadhi za malipo, na namba zilizochorwa karibu na katikati ya santuri, mahali pasipo na mifereji ya muziki. Namba hizo hutambulisha rekodi mahususi, na ndizo zitakazokuambia kama santuri mbili zenye wimbo mmoja zimetoka katika kanda moja.

Jambo hili la mwisho nalisisitiza kwa mfano wa Love Me Do. The Beatles waliurekodi wimbo huo mara tatu mwaka 1962 wakiwa na wapiga dramu watatu: mwezi Juni na Pete Best, tarehe 4 Septemba na Ringo Starr aliyechukua nafasi yake, na tarehe 11 Septemba na Andy White, mpigaji wa kukodiwa, kwa sababu mtayarishaji George Martin hakuwa ameridhika na dramu alizozisikia. Santuri ndogo iliyotoka Oktoba mwaka huo ilikuwa na dramu za Ringo. Albamu iliyotoka Machi 1963 ikawekwa rekodi ya White, na matoleo ya baadaye ya santuri ndogo nayo yakaitumia rekodi hiyo. Anayeuliza nani alipiga dramu katika Love Me Do anauliza swali lisilojibika mpaka ataje ni santuri ipi aliyoishika mkononi.

Kuhusu jina lililochapishwa kwenye lebo, liheshimu lakini usiliabudu. Mwaka 1955 Maybellene ya Chuck Berry ilitoka na majina mawili ya ziada ya watunzi, mojawapo likiwa la mtangazaji Alan Freed, ambaye hakutunga chochote; alichokuwa nacho ni redio. Jina lake liliondolewa mwaka 1986. Na wimbo Mbube, ambao Solomon Linda na wenzake waliurekodi Johannesburg mwaka 1939, ulipofika Marekani na kuimbwa na The Weavers kwa jina la Wimoweh, mtunzi aliandikwa Paul Campbell, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa: lilikuwa jina la bandia lililotumiwa na kundi hilo kwa nyimbo zilizodhaniwa hazina mwenyewe. Mwenyewe alikuwepo, aliishi hadi mwaka 1962, na familia yake ilipata makubaliano ya haki mwaka 2006 tu, baada ya kushtaki kuhusu The Lion Sleeps Tonight.

Sikiliza, lakini sikio lisiwe hakimu peke yake

Sikio hufaa zaidi linapotafuta kitu kimoja kinachoweza kuthibitishwa. Katika Love Me Do kitu hicho ni tari. Siku Andy White alipokaa kwenye dramu, Ringo alipewa tari la kutikisa. Rekodi ya tarehe 4 Septemba haina tari. Mtu asiyejua lolote kuhusu upigaji dramu anaweza kuzitenganisha rekodi hizo mbili ndani ya sekunde chache, na hatakosea.

Sikio hupotoka linapotafuta "mtindo". Watu walishikilia kwa miaka mingi kwamba solo la gitaa katika You Really Got Me ya The Kinks, ya mwaka 1964, ni la Jimmy Page, kwa sababu Page alikuwa mpigaji wa kukodiwa mwenye shughuli nyingi London wakati huo na kwa sababu solo hilo "linasikika kama yeye". Solo ni la Dave Davies, kijana wa miaka 17 wa kundi lenyewe, na Page mwenyewe amekana kulipiga. Ajabu ni kwamba wimbo huo kweli una mpigaji wa kukodiwa ambaye watu hawakumtafuta: dramu zilipigwa na Bobby Graham. Sifa ilikwenda kumtafuta mtu mashuhuri, ikampita aliyestahili akiwa ameketi hapo hapo.

Ukilazimika kutumia mtindo kama ushahidi, ushuke hadi kwenye mkono. Jamerson alipiga besi kwa kidole kimoja, cha shahada, juu ya nyuzi laini zilizozeeka ambazo hakupenda kuzibadilisha, na alipenda kupita katika uzi ulio wazi wakati anahama. Carol Kaye, mpiga besi wa Los Angeles, alipiga kwa kipande kigumu cha kuchapia nyuzi na aliweka kitambaa kuzizuia zisirindime sana. Tofauti ya aina hiyo inasikika: kipande kile huacha mlio mdogo wa kugonga mwanzoni mwa kila noti, na kidole hakiuachi. Ukiweza kupata njia ya besi peke yake, iliyotengwa na ala nyingine, kama zinavyopatikana sasa kwa nyimbo kadhaa za Motown, kazi inakuwa nyepesi zaidi, ilimradi ujue njia hiyo imetoka katika kanda ipi.

Pima kumbukumbu za waliokuwepo

Nimewataja Jamerson na Kaye kwa makusudi, kwa sababu ubishi wao ndio darasa bora ninalolijua. Kaye amedai kwamba ndiye aliyepiga besi katika nyimbo kadhaa za Motown ambazo dunia inazihesabu kuwa za Jamerson, zikiwemo Bernadette ya Four Tops na I Was Made to Love Her ya Stevie Wonder, zote za mwaka 1967. Watu wa Detroit, wapigaji na watayarishaji, wamepinga na kusema ni Jamerson. Jamerson alifariki mwaka 1983 na hawezi kuulizwa.

Mtafiti mvivu hupima ubishi huu kwa sifa za wahusika, na hapo hapo anakwama, kwa sababu wote wawili wana sifa zisizo na shaka. Kaye si mtu aliyejipachika katika historia. Besi yake imo katika Pet Sounds ya The Beach Boys, na karatasi za vikao vya albamu hiyo zinamtaja. Hivyo swali halipaswi kuwa "nani mkweli?" bali "rekodi iliyotolewa ilipigwa mji gani, tarehe gani?" Ni kweli kwamba Motown ilikuwa na ofisi Los Angeles na ilirekodi huko tangu katikati ya miaka ya 1960, kabla ya kuhamishia makao yake huko mwaka 1972, kwa hiyo Kaye kuwapigia Motown si jambo la ajabu. Ni kweli pia kwamba kampuni hiyo iliurekodi wimbo mmoja mara nyingi kwa waimbaji tofauti, na mpigaji wa kukodiwa aliyepiga vikao vitatu kwa siku hakusubiri kusikia ni kanda ipi iliyochaguliwa. Mtu anaweza kukumbuka kwa uaminifu kabisa kwamba aliupiga wimbo fulani, na bado rekodi iliyovuma isiwe yake. Kwa nyimbo hizo mbili nilizozitaja, nikiweka pamoja kauli za waliozitayarisha na mkono unaosikika katika besi, naona mizani inamlalia Jamerson kwa uzito mkubwa. Sioni haja ya kumwita Kaye mwongo ili kufika hapo.

Dai la mpiga dramu Bernard Purdie, kwamba alipiga katika rekodi 21 za mwanzo za The Beatles, linaonekana kuwa la aina hiyo hiyo. Linapingana na karatasi za London, lakini mwaka 1964 kampuni moja ya Marekani ilitoa nyimbo ambazo vijana hao walizirekodi Hamburg mwaka 1961 pamoja na mwimbaji Tony Sheridan, na baadhi yake ziliongezewa ala nchini Marekani kabla ya kutolewa. Ukipata dai lisilowezekana, kabla ya kulitupa, tafuta jirani yake linalowezekana.

Unapokwenda kumhoji mzee aliyekuwepo, usimpelekee jibu ndani ya swali. Ukisema, "Mzee, ni wewe uliyepiga solo katika wimbo huu, siyo?" atakubali kwa adabu tu, au kwa sababu amekwisha kuulizwa mara kumi na kukubali kumekuwa rahisi kuliko kueleza. Baada ya shikamoo na chai, mwekee rekodi bila kutaja jina lake, kisha muulize mambo ya pembeni: siku hiyo mlifika kwa usafiri gani, fundi mitambo alikuwa nani, nani alisimama karibu na maikrofoni, gitaa lilikuwa la nani, mlilipwa shilingi ngapi na nani aligawa. Kumbukumbu ya sifa hukua kadiri miaka inavyopita, lakini kumbukumbu ya malipo madogo haibadiliki kirahisi. Niliwahi kuandika kwamba solo la wimbo mmoja lilipigwa na kiongozi wa bendi, na mpiga tumba mstaafu akanipigia simu: "Mwanangu, siku hiyo kiongozi alikuwa anaumwa jino." Nikasahihisha kwa haraka, nikaona aibu, kisha nikagundua kwamba wimbo huo ulirekodiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya redio na mara ya pili kwa ajili ya santuri, na jino liliuma mara moja tu.

Katika muziki wetu wa dansi na katika rumba ya Kongo kuna ushahidi ambao Detroit hawakuwa nao, nao ni wanamuziki kutajana majina ndani ya wimbo wakati magitaa yamechachamaa. Yaandike yote, pamoja na dakika linapotajwa kila jina na ala inayosikika mara baada yake. Lakini tahadhari: jina linalotajwa laweza kuwa la mfadhili, la mwenye baa, au la rafiki aliyelipia atajwe, desturi ambayo Wakongo wameikuza hadi kuipa jina lake, libanga.

Kuhusu Malaika, ambao hakuna msomaji asiyeujua, mbinu ni ile ile ya kutenga maswali. Kwamba Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakubishaniwi, na jina lake ndilo lililosambaa pamoja na rekodi hiyo. Ubishi ni wa utunzi: Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba aliutunga mwaka 1945, na wapo wengine waliotajwa kutoka pwani ya Kenya. Rekodi ya Fadhili inathibitisha kwamba aliuimba. Haithibitishi kwamba hakuusikia kwa mwingine. Dai la 1945 nalo linahitaji kitu chenye tarehe kilichotangulia rekodi, mfano daftari la maneno, ratiba ya redio, tangazo la dansi katika gazeti au barua inayoutaja wimbo. Anayetaka kuchangia chochote kipya katika mjadala huo aende kwenye magazeti ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ya kabla ya 1960, asiongeze maoni ya mwingine juu ya maoni.

Andika matokeo kwa uzito unaolingana na ushahidi

Ukifika hapa utakuwa na karatasi, masikio na kauli, na kishawishi cha kuandika sentensi moja yenye uhakika wote. Kizuie kwa kutumia vitenzi vinavyotofautiana na kuvitumia vile vile kila mara. Andika "alipiga" pale tu karatasi ya siku hiyo na sikio vinapokubaliana. Andika "anatajwa katika ripoti ya kikao" pale una karatasi bila uhakika wa kanda iliyotumika. Andika "alisema kwamba alipiga" pale una kauli yake peke yake, na ongeza mwaka aliousema. Taja rekodi mahususi, si wimbo tu. Na pale jalada linapotaja majina, angalia kama linayataja kwa kila wimbo au kwa albamu nzima: What's Going On ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, ambayo kwa mara ya kwanza iliwachapisha wapigaji wa Motown kwa majina na kumwita Jamerson asiye na mfano, ina mpiga besi mwingine, Bob Babbitt, katika nyimbo kama Mercy Mercy Me na Inner City Blues, kwa hiyo hata hapo, penye heshima hiyo iliyochelewa, anayempa Jamerson besi yote atakuwa amemfuta mtu mwingine.

Hifadhi pia ushahidi uliopingana na hitimisho lako, pamoja na tarehe uliyoandika, kwa kuwa makasha ya kanda bado yanafunguliwa. Maelezo yangu ya Love Me Do, kwa mfano, yanasomeka hivi katika daftari: "Rekodi ya 11 Septemba 1962, London. Dramu: Andy White. Tari: Ringo Starr. Imo katika albamu ya 1963. Haimo katika toleo la kwanza la santuri ndogo, Oktoba 1962, ambalo dramu zake ni za Starr na halina tari."